Kwenda Porini na Kujihadhari na Mbung'o

Ninyi mnaokaa Murungu na kwingineko Kibondo na Kasulu mnaijua raha ya porini. Huko twarina asali, twachuma uyoga wakati wa mvua, twavua samaki katika Mto Malagarasi. Lakini porini yumo mbung'o, aletaye ugonjwa wa malale.

Mtamjuaje? Ni nzi mkubwa kuliko wa nyumbani. Akitua, hulaza mabawa yake moja juu ya jingine. Huuma mchana, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Basi, vaeni nguo nene, za mikono mirefu, zenye rangi ya udongo.

Si kila mbung'o ana malale, lakini kwa macho hamwezi kumtambua. Malale huanza kama malaria: homa, kichwa na viungo kuuma. Ukipata homa baada ya kutoka porini, nenda hospitali upesi, useme: "Nilikuwa porini, nikaumwa na mbung'o." Hapo mganga atajua kupima damu atafute malale pia. Ukitibiwa mapema utapona. Ugonjwa ukiachwa, huua.

Maswali:
1. Mbung'o huuma wakati gani?
2. Utamwambia nini mganga?