Mteja anafuata mikono ya msusi, si saloni

Goma, Bukavu ao Butembo, wasichana wengi wanaanza kazi ya nywele kwenye saloni ya mtu mwingine. Wao wanasuka, mwenye saloni anapokea franka. Siku wakitoka, wateja wanabaki pale, juu hakuna aliyeshika jina lao.

Ndiyo maana siku hizi msusi anajitafutia jina mapema. Picha inasaidia sana: kichwa alichosuka yeye mwenyewe, kipigwe mlangoni penye mwangaza, kisha kiwekwe kwenye statusi ya WhatsApp. Mwenye kichwa aulizwe kwanza. Kuna wanaochukua picha za intaneti na kusema ni kazi yao. Mteja anakuja juu ya picha ile, anatoka na kitu kingine, na jioni kartye nzima imesikia.

Jina linaharibika zaidi kwenye paji la uso. Msuko wa kukaza, tena wenye meshi nzito, unavuta mizizi ya nywele. Ukirudiwa miezi kwa miezi, nywele za mbele zinakatika, pengine hazioti tena. Wateja wenyewe ndio wanaoomba, "kaza, idumu." Msusi wa kweli anawakatalia.

Na si lazima kuiga Lagos kila wiki. Wamangbetu wa Haut-Uele walijulikana mbali kwa nywele zao zilizopandishwa juu.

Vita vikihamisha watu, viti na vioo vinabaki nyuma, simu nayo inaweza kuibiwa njiani. Msusi aliyeandika namba za wateja kwenye daftari anawapata tena, maana wengine wamekimbilia mji uleule.