Je, Wajua? Bustani Kubwa ya Dar es Salaam Iko Kisarawe

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba bustani kubwa kuliko zote za mji wake haimo mjini kwake, atakuuliza umekunywa nini. Haya, safari hii safu imepita Gongo la Mboto, ikapanda vilima mpaka Kisarawe, kisha ikashika Barabara ya Morogoro hadi Kibaha. Keti tukupe habari.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi ina zaidi ya hekta 7,000? Ni karibu viwanja elfu kumi vya mpira, na kutoka Posta ni kiasi cha kilomita 25 tu. Zamani ilikuwa misitu miwili, Pugu na Kazimzumbwi, iliyotengwa tangu enzi za Mwingereza. Miaka michache iliyopita ikaunganishwa na kupandishwa hadhi. Hadhi yenyewe haitolewi ovyo: katika msitu wa namna hii hukati mbao, huchomi mkaa, hulimi hata tuta moja la muhogo. Kinachoruhusiwa ni kutembea, kutafiti na kufundisha. Wa kwanza nchini kuipata ulikuwa msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1997.

Na je, wajua ni nani anayeusimamia? Si Jiji, wala si Halmashauri ya Kisarawe, ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hapo ndipo tunapoachana na wenzetu. Katika miji mingi ya Marekani idara moja hukata nyasi za bustani, hufundisha watoto kuogelea, hupanga ligi za mtaani na kuendesha kituo cha kuonyesha ndege na vyura. Kwetu kazi hiyo imegawanywa kama nyama ya ng'ombe wa shughuli. Msitu wa TFS, uwanja wa mpira wa shule au wa jeshi, ligi ya watoto ya walimu na afisa michezo, ngoma ya afisa utamaduni, eneo la wazi la mipango miji. Kuna anayeondoka na paja, na kuna anayelala na mfupa. Kwa maoni ya safu hii, aliyebaki na mfupa ni eneo la wazi la mtaani, maana halina askari wala geti, na asubuhi moja unakuta limeshaota fremu za maduka.

Je, wajua maji yanayofunga barabara ya Jangwani yanatoka wapi? Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Unateremka Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unamwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 jijini. Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi wa dola milioni 200, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye daraja jipya la mita 390 pale Jangwani na mpango wa kugeuza sehemu ya bonde la chini kuwa bustani ya mji. Mpango mzuri. Ila tazama lilivyo jambo lenyewe: bustani ya chini inatengewa mamilioni ya dola, na ile ya juu, iliyojiotea yenyewe na kushika udongo usiteremke na mvua, shida yake ni mishahara ya walinzi na mafuta ya pikipiki ya doria. Mto hausomi mipaka ya wilaya. Bajeti ndizo zinazoisoma.

Watu wamezoea kuuita msitu wa Pugu mapafu ya Dar es Salaam. Hewa hatukatai, lakini mkazi wa Kigogo angekwambia habari ya maji kwanza.

Je, wajua kwamba Kisarawe kuna mnyama wa jamii ya kima na nyani mwenye uzito wa gramu 60 hivi? Ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la nyanda za Rondo kule Lindi. Wanasayansi walimtambua rasmi kuwa aina ya pekee miaka ya 1990 tu. Duniani kote anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, vikiwemo Pugu-Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, msitu unaogusa Kibaha na Kisarawe. Amewahi kuingizwa katika orodha ya aina 25 za jamii yake zilizo hatarini zaidi duniani. Kumpata si kazi ya macho pekee. Mtafiti huingia msituni usiku, huzima taa na kutega sikio, kwa sababu komba hutofautishwa kwa milio kuliko kwa sura. Wagema wa pwani wana kesi ya siku nyingi na komba anayeonja tembo kileleni kabla ya mwenye mnazi. Huyu mdogo hayumo katika kesi hiyo, riziki yake ni wadudu na matunda.

Sange je? Ni yule mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayepekua majani makavu mchana kweupe. Wengine humwita njule. Umbo la panya, lakini si panya hata kidogo: kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo. Wa Pugu ana rangi nyekundu ya kutu mbele na nyeusi nyuma, na dume na jike hushika eneo moja kama mke na mume.

Kuna miti miwili ambayo wanasayansi waliipa jina la kitaalamu la Pugu: Baphia puguensis na Millettia puguensis. Ukisoma majina hayo katika makumbusho ya mimea ya London, ujue yanataja kilima ambacho daladala hukipita kila siku.

Je, wajua kuwa utajiri wa misitu hii uliwahi kuchimbwa ardhini? Msandarusi hutoa utomvu. Ukidondoka, ukafukiwa mchangani miaka na miaka, hugeuka kipande kigumu cha rangi ya asali, na hiyo ndiyo sandarusi. Karne ya 19 Wazaramo na jirani zao waliichimba, wakaiuza kwa wafanyabiashara wa pwani. Ikapita Unguja, ikavuka bahari hadi Salem, Massachusetts, ikageuzwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Sandarusi bora ilitambuliwa baada ya kuoshwa: juu yake hubaki vipele vidogovidogo, mfano wa ngozi ya ndege aliyenyonyolewa. Isiyo na vipele ilikuwa changa, na mnunuzi aliishusha bei papo hapo. Kwa hiyo kabati la bibi mmoja wa Boston lililong'aa mwaka 1850 huenda lilikuwa na jasho la Uzaramo ndani yake. Msandarusi wenyewe bado umo Pugu, na mwongozaji mzuri hatakupitisha bila kukuonyesha.

Baada ya sandarusi ukaja mkaa. Watafiti waliopima misitu kuzunguka Dar es Salaam walichapisha matokeo yao mwaka 2010: kati ya 1991 na 2005 uharibifu ulisonga nje ya jiji kama wimbi, zaidi ya kilomita 100 katika miaka 14. Mbele lilitangulia wimbi la mbao za bei, nyuma yake mbao za kawaida, na karibu kabisa na jiji wimbi la mkaa. Pugu na Kazimzumbwi zilikuwa pale pale mkaa ulipochomwa. Tangu Mei 2024 taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mtunza bustani wa Kisarawe, kwa maana hiyo, bosi wake wa pili ni bei ya gesi Mbagala.

Vilima vya Pugu vina hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Handaki la zamani huko limekuwa makazi ya popo, na jioni hutoka makundi kwa makundi kwenda kutafuta chakula. Ni onyesho la bure la mazingira ambalo halihitaji ukumbi wala kiyoyozi, ingawa harufu yake ni ya kuzoea.

Machimbo nayo hugeuka bustani, wajua? Bamburi, Mombasa, kuna shimo lililochimbwa matumbawe ya kutengenezea saruji hadi likabaki jangwa jeupe. Mtaalamu mmoja, René Haller, alianza kupanda mivinje humo mapema miaka ya 1970. Mivinje ikaota, lakini majani yake makavu yalilundikana bila kuoza. Akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, wakatoa mboji, udongo ukapatikana, na leo Haller Park ina twiga. Mtaalamu wa bustani anayemdharau jongoo ajiulize mara mbili.

Na Karura? Msitu huo wa Nairobi una hekta 1,041. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi kuumizwa kichwa akiupinga ugawaji wa ardhi ya msitu kwa watu binafsi. Lakini hata baada ya kuokolewa, watu waliuogopa: uporaji, maiti zilizotupwa. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha marafiki wa Karura, kikashirikiana na shirika la misitu la serikali, ukawekwa uzio wa umeme, wakaajiriwa walinzi kutoka vitongoji vya jirani. Ndipo wakimbiaji na watoto wa shule walipoingia. Sheria yetu ya Misitu ya 2002 nayo inaruhusu usimamizi shirikishi. Mimi naamini Pugu haijaishiwa uzuri wa kuwavuta watu wa Dar. Wanachohofia ni vibaka njiani na giza la kurudia.

Tuje Kibaha. Je, wajua maji mengi ya Dar es Salaam ni ya Mto Ruvu, na mtambo wa Ruvu Juu, ulioanza 1959, uko Mlandizi? Kwa hiyo Kisarawe inalipelekea jiji mto, na Kibaha inalipelekea bomba. Mlandizi hiyo hiyo ndiko uliko uwanja wa Mabatini, uliowahi kuwa nyumbani kwa Ruvu Shooting, timu ya jeshi. Ni kawaida yetu: burudani ya raia Jumamosi hutegemea uwanja wa wanajeshi.

Mwaka 1963 nchi za Nordiki na Tanganyika zilianza mradi mmoja Kibaha wenye shule, afya na kilimo kwa pamoja. Tarehe 10 Januari 1970 ukakabidhiwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Ramani yake ina jambo ambalo miji yetu mingi ilisahau: shule, zahanati, mashamba, miti na viwanja vya michezo vilipangwa kabla nyumba hazijabanana. Ndiyo maana Kibaha imewahi kupokea mashindano ya UMISSETA, maana wanafunzi wa nchi nzima wanahitaji pa kulala na pa kukimbilia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ya shule ilisimamishwa kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo, ikarudishwa baadaye. Kizazi kizima cha wanariadha kilipotelea hapo katikati.

Je, wajua kwamba aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 ana kituo cha michezo na shule Mkuza, Kibaha? Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mlio wa bastola. Wenzake walidhani atachoka. Hakuchoka. Dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker, aliyemfuata, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani na bado akashindwa. Rekodi ya Bayi ilidumu hadi Sebastian Coe alipoivunja Agosti 1979. Uwanja wenyewe wa Queen Elizabeth II Park uliharibiwa na tetemeko la ardhi la Februari 2011 na ukabomolewa. Mkuza watoto wanaendelea kukimbia.

Turudi Pugu. Mwingine aliyezifahamu njia za huko kwa miguu alikuwa mwalimu wa St. Francis, Pugu, aliyeacha kazi Machi 1955 ili aifanyie TANU kazi muda wote. Jina lake unalijua. Ng'ambo kidogo, Minaki, Wamisheni wa UMCA walihamishia chuo chao kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, na bwawa la Minaki leo ni moja ya vivutio vya hifadhi.

Tangu 14 Juni 2024 treni ya SGR inapita huku, ikiwa na stesheni za Pugu, Soga na Ruvu kati ya Dar es Salaam na Morogoro.

Kwa anayetaka kwenda hifadhini: vaa viatu vilivyofungwa na suruali ndefu, kupe wapo. Malipo ya serikali ni kwa namba ya malipo (control number), kwa hiyo hakikisha simu ina salio na chaji, kwani getini si pa kutoa noti mkononi. Na kama shida yako ni popo, ambao hutoka jua likizama, kubaliana na dereva wa kukurudisha kabla hujashuka kwenye gari lililokuleta.