Uzuri Uliojificha Katika Kutu

Nilipowataka wanafunzi wangu hapa Busia waandike insha juu ya uzuri, karibu wote waliandika juu ya bahari, ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Hakuna aliyeutaja mji wake.

Jumamosi iliyofuata nilichukua kamera nikaenda Malaba, mahali ambapo malori yatokayo Mombasa hupanga foleni yakingoja kuvuka mpaka. Nilisogea hadi ikabaki kama shubiri moja kati ya kamera na mlango wa kontena kuukuu. Mlango ukatoweka machoni. Badala yake nikaona visiwa vya rangi ya samawati vikielea katika bahari nyekundu ya kutu. Maji na hewa vilikuwa vimekila chuma, vikachora ramani isiyo na mpaka.

Jambo hili si geni. Mmarekani Aaron Siskind, aliyepata kuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule za New York, alijipatia sifa tangu miaka ya 1940 kwa picha za kuta zilizobambuka rangi.

Hata hivyo, nilipoligeukia bati la kibanda kimoja, mama mwenyewe aliniuliza: "Mwalimu, kutu hiyo unayoipenda, mvua ikinyesha utakuja kulala chini yake?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi: tazameni kwa karibu, kwani uzuri upo hata kwetu. Kisha rudini nyuma hatua tatu, mwone bati hilo linamsitiri nani.