Ngozi ya Nguruwe Iliapo Menoni

Askari atokaye lindo la usiku hahitaji kubembelezwa ale. Huko Nyakabanda, jijini Kigali, hulakiwa na harufu ya akabenzi, yaani nyama ya nguruwe, jina ambalo ndani yake lasikika gari la Benz. Huliwa kwa ndizi na pilipili. Kipande kinachogombewa ni kile chenye ngozi iliyokauka hadi ikalia menoni. Wafilipino nao, wachomapo nguruwe mzima wamwitaye lechon, ngozi ndiyo huisha kwanza.

Hatuwakemei walaji, maana nasi tumo (wenzetu Waislamu watuwie radhi). Gramu 100 za ngozi ya kukaangwa zina protini gramu 60 hivi na mafuta gramu 30 hivi, mbali na chumvi. Lakini protini hiyo nyingi ni kolajeni, isiyotosha peke yake kujenga misuli. Maharage ya kambini yangali na kazi.

Hatari kubwa imo chini ya ngozi. Moto mkali huikausha upesi, ndani nyama ikabaki mbichi. Nyama hiyo ikiwa na vifuko vya tegu, mlaji hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na choo. Mwenyewe akiwa mpishi asiyenawa mikono, huyatia katika chakula cha kikosi kizima, na lava wake waweza kufika ubongoni wakaleta kifafa. Basi kipasueni kipande hadi mfupani kabla ya kugombea ngozi. Kikiwa kibichi, kirudi motoni, mchomaji akinung'unika na anung'unike.