KONDOO NA DAWA YA MINYOO: TUNYWESHE YUPI, NA KWA KIPIMO GANI?



Wengi kati yetu tunajua ginsi gani pesa ya shule inapatikana nyumbani. Baba anatazama kundi lake dogo, anachagua kondoo mmoja, anamuuza. Kondoo yule akikufa wakati wa mvua, mtoto anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo habari ya minyoo haiwahusu wafugaji peke yao. Inatuhusu sisi pia.

Watu wanapigana na minyoo namna gani? Mara nyingi wananunua chupa moja sokoni, wanakusanya kundi lote, na kila kondoo anapewa kifuniko kimoja, mkubwa na mdogo sawasawa. Mwezi unaofuata ni vilevile. Inaonekana kuwa bidii. Lakini desturi hii inaharibu dawa, na siku moja itatuacha na kondoo wagonjwa pamoja na chupa isiyofanya kazi. Nitaeleza juu ya nini.

1. ADUI MWENYEWE

Minyoo wa kondoo ni wa namna nyingi. Anayeua sana katika nchi za joto kama yetu ni mnyonya damu, ambaye waganga wa mifugo wanamwita hemonkusi. Anakaa katika tumbo la nne la kondoo. Urefu wake ni sentimita 2 ao 3. Jike ana mistari myekundu na myeupe kama kamba iliyosokotwa: nyekundu ni damu aliyokunywa, nyeupe ni mfuko wake wa mayai.

Mnyoo mmoja anampotezea kondoo damu kadiri ya mililita 0.05 kwa siku. Eti ni kidogo? Tupige hesabu. Minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, ni kusema mililita 350 kwa juma. Kondoo wa kilo 20 ana damu inayopita lita 1 kidogo tu. Basi kwa juma moja anapoteza zaidi ya robo. Mwili unatengeneza damu nyingine, lakini hauwezi kufuata mwendo huo siku nyingi.

Jike anataga mayai 5,000 ao zaidi kwa siku, nayo yanatoka pamoja na mavi. Wakati wa joto na mvua mayai yanaanguliwa, na kisha juma moja hivi watoto wa minyoo wako tayari. Hatuwaoni kwa macho. Wanapanda juu ya majani ndani ya umande, kondoo anawameza, na baada ya majuma matatu hivi wao pia wanaanza kutaga. Ndiyo sababu kundi lililokuwa zuri mwezi wa kumi linaweza kudhoofika ghafula mwezi wa kwanza. Wakati wa kiangazi jua linaua wengi walio katika majani, lakini wengine wanalala ndani ya tumbo la kondoo wakingojea mvua irudi.

Basi tukumbuke jambo hili: dawa inaua minyoo walio tumboni, haigusi wale walio katika majani.

2. JUU YA NINI DAWA INASHINDWA

Kati ya minyoo wengi, wako wachache wenye nguvu ya kuvumilia dawa. Tukinywesha kundi lote kila mwezi, tunaua minyoo dhaifu na kuwaachia wale wenye nguvu nafasi yote. Wanazaana wao kwa wao. Ni sawa na mtu anayepalilia shamba kwa kung'oa mahindi na kuacha magugu. Kipimo kidogo ni kibaya pia, sababu hata wale wenye nguvu kidogo tu wanapona.

Jambo hili limekwisha kutokea. Dawa ya tiabendazoli ilianza kuuzwa mwaka 1961. Mwaka 1964 huko Marekani ilitangazwa kwamba hemonkusi wengine hawafi nayo tena. Ni miaka 3 tu! Ivermektini ilitoka mwaka 1981. Ni dawa yenye sifa kubwa, hata William Campbell na Satoshi Omura walipewa tuzo ya Nobel juu yake mwaka 2015. Lakini kabla miaka 10 haijaisha, Afrika ya Kusini walikwisha kuona hemonkusi wanaoivumilia. Wao walikuwa na dawa nyingine za kujaribu. Sisi wa Niemba, chupa inayokuja toka Kalemie ikishindwa, tutakimbilia wapi?

3. TUNYWESHE YUPI?

Minyoo hawagawanyiki sawasawa katika kundi. Kondoo wachache wanabeba minyoo wengi, na wengine wanabeba wachache bila kuumia. Kwa hiyo waganga wa mifugo wa Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1990, walitengeneza kadi ya rangi inayoitwa Famacha, kwa jina la mmoja wao, Faffa Malan. Kazi yake ni hii: unamsimamisha kondoo kwenye mwanga wa jua, unashusha ukope wa chini kwa kidole, na kutazama rangi ya ndani. Namba 1 ni nyekundu, 3 ni nyekundu iliyofifia, 5 ni nyeupe kama karatasi.

Namba 1 na 2 wanaachwa. Namba 4 na 5 wananyweshwa bila kuchelewa. Namba 3 ananyweshwa akiwa mtoto, mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha. Wakati wa mvua inapashwa kutazama kila majuma mawili. Asiye na kadi alinganishe kondoo na kondoo. Weupe kabisa haujifichi.

Minyoo wa kondoo walioachwa wanatusaidia: bado wanakufa kwa dawa, nao wanachanganyika na wale wenye nguvu, hivi uzao wa wenye nguvu hauenei upesi.

Tazameni pia chini ya taya: uvimbe laini ni alama ya damu kupungua. Msingojee kuhara, sababu mnyonya damu mara nyingi anaua bila kuhara. Na mjue kwamba ugonjwa wa mbung'o na minyoo ya ini vinafanya macho kuwa meupe vilevile. Kondoo asipopata nafuu kisha majuma mawili, inapashwa kumwuliza muganga wa mifugo.

4. KIPIMO

Kifuniko si kipimo. Kondoo apimwe kwa mizani ile ya magunia. Mfano: albendazoli kwa kondoo ni miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo kondoo wa kilo 20 anahitaji miligramu 100. Chupa ya 2.5% ina miligramu 25 katika mililita moja: tunampa mililita 4. Chupa ya 10% ina miligramu 100: tunampa mililita 1 tu. Jina ni moja, nguvu ni mbalimbali! Basi soma karatasi ya chupa kwanza, na siku za kungojea kabla ya kula nyama. Kondoo mwenye mimba ya mwezi wa kwanza asipewe albendazoli. Levamisoli ikizidi ni sumu. Mbuzi ana kipimo chake, ulizeni.

Tumia sindano isiyo na ncha, pembeni mwa mdomo, juu ya ulimi. Kichwa kisiinuliwe sana, dawa isije ikaingia katika mapafu.

5. MAJANI NA MBEGU

Asubuhi tungoje umande ukauke. Tusiache kondoo siku nyingi mahali pamoja mpaka majani yawe mafupi, sababu watoto wa minyoo wengi wako karibu na udongo. Majani ya miti yaliyo juu hayana hatari hiyo.

Halafu tuchague dume vizuri. Huko Diani, pwani ya Kenya, toka 1991 mpaka 1996 watafiti walilinganisha kondoo wekundu wa Wamasai na kondoo wa Dorper waliotoka Afrika ya Kusini. Wale wa Wamasai walishinda minyoo vizuri zaidi, ingawa ni wadogo. Basi dume asiyehitaji dawa mvua nzima ana mali ndani ya damu yake. Tusimwuze mapema juu ya umbo lake dogo.

OMBI LANGU

Likizo ya Noeli inakuja katikati ya mvua. Ukifika nyumbani, usimwambie baba kwamba anakosea, hiyo si adabu. Mwombe ruhusa ya kumsaidia na kundi. Shusha ukope wa kondoo wa kwanza, kisha wa pili, umwonyeshe. Mwenyewe ataona. Andika katika daftari kila kondoo, rangi ya jicho lake, kilo zake, na dawa aliyopewa. Januari tulete madaftari yetu kwa mwalimu wa biolojia, tujue katika vijiji vyetu dawa gani bado inafanya kazi.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho