Ford, Kutoka Detroit Mpaka Majaruba ya Bahi

Kampuni ya Ford ilisajiliwa tarehe 16 Juni 1903 katika jiji la Detroit, jimbo la Michigan nchini Marekani, ikiwa na fedha taslimu dola 28,000 zilizochangwa na wanahisa wachache. Mwasisi wake, Henry Ford, alizaliwa mwaka 1863 katika familia ya wakulima, akajifunza ufundi wa mitambo, na kufikia mwaka 1903 alikuwa amekwisha kuanguka mara mbili katika biashara ya magari. Kampuni yake ya kwanza ilifungwa mwaka 1901. Katika ya pili aligombana na wenzake, akaondoka mwaka 1902. Waliobaki wakaibadili jina, ikawa Cadillac.

Wakati huo gari lilikuwa mali ya matajiri. Lilitengenezwa moja moja, na fundi alipiga tupa kila kipande mpaka kikae mahali pake. Kipande kikivunjika, ilibidi kingine kichongwe upya. Ford alitaka gari la aina moja, la bei ndogo, lenye vipuri vinavyofanana kabisa, ili kinachotolewa katika gari moja kiingie katika jingine bila tabu. Gari hilo liliitwa Model T, likaanza kuuzwa Oktoba 1908 kwa dola 850 hivi.

Model T lilikuwa na injini ya silinda nne yenye nguvu ya farasi 20. Lilikuwa jepesi, chuma chake kilikuwa imara, na lilisimama juu ya ardhi kiasi cha kupita juu ya visiki na matuta bila kukwangua tumbo. Lilikuwa na vituko vyake pia. Petroli ilishuka yenyewe kwenye injini kutoka kwenye tangi lililokuwa chini ya kiti, bila pampu. Mafuta yakipungua, mlima mkali uliizimisha injini, kwa hiyo dereva mzoefu aligeuza gari akapanda mlima kinyumenyume.

Kiwanda kilichobadili viwanda

Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, kampuni ilibadili namna ya kuunganisha magari. Awali wafanyakazi ndio waliolizunguka gari. Sasa gari lilivutwa polepole kuwafuata wafanyakazi, kila mmoja akiwa na kazi moja tu mbele yake. Mmoja aliweka bolti, wa pili akaweka nati, wa tatu akakaza. Kuunganisha chesisi moja kulikokuwa kunachukua zaidi ya saa 12 kulishuka mpaka saa moja na nusu hivi. Bei nayo ilishuka, na kufikia mwaka 1925 Model T la bei ya chini kabisa liliuzwa dola 260. Utengenezaji wake uliposimamishwa mwaka 1927, zaidi ya magari milioni 15 yalikuwa yametoka kiwandani.

Kazi ya kukaza nati ileile kutwa nzima ilichosha, na watu waliacha kazi kwa makundi. Januari 1914 kampuni ilitangaza ujira wa dola tano kwa siku ya saa nane, karibu mara mbili ya ujira wa kawaida. Fedha hizo zilikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walifika majumbani kuangalia kama mfanyakazi analewa, anaweka akiba na anatunza nyumba yake.

Sifa ya mwasisi mwenyewe ina doa. Katika miaka ya 1920 gazeti lake liliandika mfululizo wa makala za chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1927 akalazimika kuomba radhi. Vyama vya wafanyakazi navyo alivipiga vita. Mei 1937 walinzi wa kampuni waliwapiga waandaaji wa chama nje ya kiwanda kikubwa cha River Rouge, na ni baada ya mgomo wa mwaka 1941 ndipo Ford alipokubali kutia saini mkataba na chama chao.

Ford inaingia Afrika Mashariki

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Bahi na kuendelea magharibi mpaka Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza. Majeshi ya Uingereza yaliiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, lakini Wajerumani walikuwa wakibomoa madaraja ya reli kila waliporudi nyuma, na farasi, nyumbu na maksai wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Mizigo ikabaki kwa wapagazi na kwa magari mepesi. Wapagazi wa kikosi cha uchukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililozaa jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Miongoni mwa magari mepesi yaliyotumika katika vita hivyo yalikuwamo Model T, kwa sababu yalipita palipoyashinda malori mazito, na yakikwama yalisukumwa kwa mikono.

Baada ya vita, Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza, magari ya Ford yaliingia kwa njia ambayo wengi hawaijui. Kampuni tanzu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza Ford katika himaya yote ya Uingereza isipokuwa Uingereza yenyewe. Kwa hiyo gari lenye nembo ya Kimarekani lingeweza kufika Dar es Salaam likitokea Kanada, usukani wake ukiwa upande wa kulia. Baadaye, hasa baada ya Vita vya Pili, nafasi hiyo ilishikwa na viwanda vya Ford vya Ulaya, kikiwamo cha Dagenham karibu na London, vilivyotoa Anglia, Zephyr, Cortina na Escort.

Jina lililojengwa na Safari Rally

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika barabara za vumbi na tope, magari machache ndiyo yaliyofika mwisho; mwaka 1968 yalimaliza 7 tu. Mnunuzi wa Nairobi au Arusha aliyafuatilia mashindano hayo kama tangazo lisilodanganya, kwani gari lililostahimili Safari lilionekana kuwa litastahimili barabara ya kijijini kwake.

Ford ilishinda mwaka 1955 kwa Zephyr ya Vic Preston, mwaka 1964 kwa Cortina GT ya Peter Hughes na mwaka 1969 kwa Taunus ya Robin Hillyar. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiendesha Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kunyakua ushindi huo. Mwaka 1977 Escort ilishinda tena mikononi mwa Björn Waldegård wa Sweden, na Colin McRae wa Scotland akashinda kwa Focus mwaka 1999 na 2002.

Trekta la bluu

Katika mashamba ya Tanzania jina la Ford linajulikana zaidi kwa trekta kuliko kwa gari. Henry Ford alianza kutengeneza trekta lililoitwa Fordson mwaka 1917. Mwaka 1938 Henry Ford alipatana kwa kupeana mkono tu, bila mkataba wa maandishi, na Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland ya Kaskazini aliyebuni namna ya kufunga plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma inayoinuliwa kwa nguvu ya haidroliki. Trekta lao la pamoja lilitoka mwaka 1939. Mjukuu wa Ford, Henry Ford wa Pili, alipoyavunja mapatano hayo, Ferguson alifungua kesi, na mwaka 1952 ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 9.25. Mwaka uliofuata Ferguson aliungana na kampuni ya Massey-Harris, na humo likazaliwa jina la Massey Ferguson. Trekta jekundu la Massey Ferguson na la bluu lenye asili ya Ford yanayogombea wateja katika wilaya za Dodoma na Manyara yametoka katika ugomvi huo mmoja.

Faida ya ubunifu ule huonekana katika majaruba ya mpunga ya Bahi, magharibi ya Dodoma, ambako maji ya mvua na ya mito hutanda juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo ukikauka hupasuka, ukilowa hunata kama ulimbo. Dereva akifika kwenye tuta linalogawa majaruba huvuta kishikio kando ya kiti. Diski za plau huinuka zikidondosha matope, trekta huvuka tuta, kisha plau hushushwa upande wa pili. Plau ya kukokotwa kwa mnyororo isingeweza kugeuka katika nafasi ndogo kiasi hicho.

Mwaka 1986 Ford ilinunua kampuni ya zana za kilimo ya New Holland, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 ikaiuzia Fiat ya Italia biashara yote ya matrekta. Jina la Ford likafutika, rangi ya bluu ikabaki kwa New Holland. Hata hivyo matrekta ya zamani yenye jina la Ford bado yanalima, kwa kuwa injini yake haina kompyuta na fundi wa mjini huweza kuifungua na kuifunga kwa spana za kawaida.

Mwanafunzi ampita mwalimu

Barabarani mambo yalikwenda vingine. Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, na baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda, Tanzania ikaishiwa fedha za kigeni. Gari lililoharibika lilisubiri spea kwa miezi. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, yaliyoingia kwa wingi yalikuwa magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo usukani wa magari yake uko kulia kama Tanzania. Leo katika barabara ya Dodoma kwenda Singida inayopita Bahi, abiria hupanda Noah, Hiace au Coaster, zote za Toyota.

Toyota iliusoma mfumo wa Ford kwa makini. Mwaka 1950 Eiji Toyoda, aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo, alikwenda kukaa katika kiwanda cha River Rouge akijifunza, akarudi Japani na mawazo ya kupunguza upotevu wa vifaa na muda. Lile Ford alilolitaka mwaka 1908, gari ambalo kila fundi analijua na kila duka lina kipuri chake, limetimizwa nchini Tanzania na Toyota. Anayetafuta bushi ya Noah katika maduka ya Kariakoo huipata duka la kwanza. Wa Ford hana budi kwenda kwa wakala au kuagiza. Hata katika Safari Rally, iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025.

Kwa muda, Ford ilikuwepo Tanzania chini ya majina ya wengine. Kuanzia mwaka 1979 ilimiliki robo ya hisa za Mazda, na baadaye theluthi. Mwaka 2000 ilinunua Land Rover, gari la miaka mingi la serikali na wahifadhi wa wanyamapori, na kuanzia mwaka 2007 Land Rover Defender lilitoka kiwandani likiwa na injini ya Ford ya lita 2.4. Mwaka 2008 Land Rover, pamoja na Jaguar iliyokuwa pia mali ya Ford, iliuzwa kwa Tata ya India.

Makosa na kusalimika

Sifa ya kampuni ilitikiswa mara kadhaa na usalama wa magari yake. Mwaka 1978 iliita magari milioni 1.5 ya aina ya Pinto na ndugu yake Bobcat yarejeshwe kurekebishwa kwa sababu tangi la mafuta lilikuwa hatarini kuwaka gari linapogongwa nyuma. Mwaka 2000 matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Explorer yalihusishwa na ajali zilizoua watu zaidi ya 200. Mwaka 2017 nchini Afrika Kusini ziliitwa Kuga zaidi ya 4,500 zirejeshwe kurekebishwa baada ya kadhaa kuwaka moto.

Kwa upande wa fedha, kampuni ilinusurika kwa kutangulia. Mwaka 2006 ilikopa dola bilioni 23.6, ikiweka rehani viwanda vyake na hata nembo yake ya duaradufu la bluu. Mdororo wa uchumi ulipokuja, General Motors na Chrysler zilifilisika mwaka 2009 na kuokolewa na serikali ya Marekani. Ford haikufilisika, na ukoo wa mwasisi umeendelea kushika takriban asilimia 40 ya kura za wanahisa.

Katika Afrika Mashariki, Ford mpya inayoonekana zaidi ni Ranger, pikapu linalounganishwa Silverton, Pretoria. Wanaolinunua zaidi ni taasisi, wakandarasi, migodi na miradi, wenye uwezo wa kulipeleka kwa wakala lifanyiwe huduma. Hitilafu zake nyingi husomwa kwanza kwa kompyuta kabla ya spana kushikwa, na kwa gereji za miji midogo kama Bahi hilo ndilo linalolitofautisha na Model T lililosukumwa kutoka kwenye tope mwaka 1916.