Kapkatet Ilirimiksi Kantri Kitambo Sana

Kuna wasee huwaka mbaya wakicheki muvi ya kitambo imepigwa ngoma za leo. The Great Gatsby ilipotoka 2013, Baz Luhrmann alichukua riwaya ya 1925, akampea Jay-Z kazi ya kusimamia ngoma. Beyoncé ndani, Lana Del Rey ndani. Watu wakateta: hiyo ni enzi ya jazi, hiphop imeingiaje?

Sasa skiza. Enzi hizo jazi ndio ilikuwa inakosesha wazazi usingizi. Leo jazi ni ya lobi ya hoteli, mabuda wanakunywa chai pole pole. Ukitaka mtazamaji ashtuke vile watu wa enzi hizo walishtuka, lazima umpige na kitu cha kwake.

Alafu cheki Out of Africa, ya 1985. Ni Kenya ya mkoloni, lakini vayolini za John Barry zilitungwa miaka ya themanini. Hakuna aliyelia. Walimpea Oscar!

Na kama unadhani kitambo chetu kilikuwa safi bila miksi, pitia Kapkatet, ukishapita Litein kama unaenda Sotik. Mwaka wa 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika huko na mashine ya kurekodi. Mamanzi wa Kipsigis, Chemutoi Ketienya akiwa mbele, wakaangusha wimbo wa Chemirocha na chepkong, ile ala ya nyuzi, ikilia. Huyo Chemirocha, vile jina lilitamkwa huko, ni Jimmie Rodgers, msanii wa kantri wa Mississippi, aliyededi 1933. Santuri zake zilifika huku na gramafoni za Wazungu. Mamanzi walimskia bila kumwona, wakamuunda upya: nusu mtu, nusu swara. Hiyo ni rimiksi, na hawakuomba ruhusa ya mtu.

Miaka zaidi ya 60 baadaye, rekodi ilirudishwa Kapkatet, mbogi ya Ketebul Music, shirika la muziki la Kenya, ikiwa kwa hiyo safari. Kwa hivyo hatuna kisingizio cha kusema hatuijui.

Wasee wa kamera wa Kericho na Bomet, siku mtageuza riwaya ya enzi za mkoloni kuwa muvi, msituletee ngoma za kubahatisha za kufurahisha watalii. Tafuteni produsa wa hapa mtaani, mpeeni chepkong, mwachieni beat. Na jina la Chemutoi Ketienya liandikwe mwisho wa muvi, kwa herufi kubwa.